Kungoja Kwenye Drifti

Injini ilikata katikati ya drifti, bila kukohoa, bila kutetemeka. Magurudumu yaliviringika kidogo juu ya saruji, yakasimama. Nilibaki nimeshika usukani kwa mikono miwili. Upande wa kushoto mto ulikuwa mchanga mtupu, wenye mashimo ambayo wanawake huchimba wakitafuta maji ya kiangazi. Upande wa kulia, mchanga uleule. Hapakuwa na tone la maji popote, lakini nilijikuta nimepandisha miguu yangu kutoka sakafuni na kuikunja juu ya kiti.

Hapo ndipo mume wangu alipofia, ndani ya pikapu ileile, akiwa ameketi kwenye kiti kilekile.

Ukitoka kwetu Ndithini kwenda barabara kuu, njia ya murram inashuka ghafla na kuvuka mto juu ya zulia la saruji, ndiyo drifti. Daraja halijawahi kuwapo. Miezi mingi ya mwaka unapita na hata huoni kwamba ni mto. Mvua ikinyesha huko juu vilimani, maji huja kwa pamoja, mekundu, yakibeba miti, na yanaweza kukukuta ukiwa umesimama kwenye jua. Kila mtoto wa kwetu anajua hilo. Mume wangu Mutinda alilijua kuliko wengi, maana alizaliwa akiusikia mto huo.

Ilikuwa mwishoni mwa tisini na saba, mvua zile ambazo kila mtu anazikumbuka kwa jina la El Nino. Mutinda alitoka asubuhi amebeba maembe. Aliyemwona mara ya mwisho ni Kavutha, jirani yetu wa ng'ambo, aliyekuwa akichunga mbuzi wake ukingoni. Maneno yake niliyasikia mara nyingi mpaka nikawa kama niliyaona mwenyewe. Pikapu ilishuka wakati maji yalikuwa bado ya kifundo cha mguu. Ikasimama katikati. Mutinda akatoka, akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Kisha akarudi ndani.

"Akafunga mlango, akakaa," Kavutha alisema mbele ya watu, siku ya mazishi. "Nikampigia kelele kwamba huko juu kunanguruma. Akainua mkono hivi, kama mtu anasema ngoja kidogo. Hakutoka. Halafu maji yakakuja."

Hakusema zaidi, na hakuwa na nia mbaya. Lakini watu walimalizia wenyewe. Mwaka huo tulikuwa tumezika mtoto wetu wa kwanza, na tangu hapo Mutinda alikuwa ameacha kuimba kwaya, ameacha kubishana na mtu yeyote, anakula kilichowekwa mbele yake bila kuuliza ni nini. Mtu wa namna hiyo anakaa kwenye mto unaojaa, anaonywa, anainua mkono. Watu wangesema nini tena? Katekista alikuja kwetu akaketi muda mrefu akiuliza maswali ya pembeni. Mwishowe walimwombea nyumbani, kwa sauti ya chini, na jeneza halikupelekwa kanisani. Mkwe wangu, Mzee Nzioka, alisimama kando ya kaburi la mwanawe akiwa ameshika kofia yake. Kuanzia Jumapili iliyofuata hakukanyaga tena kanisa ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulijenga.

Mimi sikubisha. Hilo ndilo lililonila. Nilikuwa nimelala kando ya mtu huyo usiku wake wa mwisho na sikuweza kuapa kwamba wanasema uongo. Nilirudi tena na tena kwenye ule mkono. Aliuinua kumwambia Kavutha nini? Ama hakuwa anamwambia Kavutha, alikuwa anatuaga?

Pikapu ilivutwa kwa trekta, ikaachwa nyuma ya ghala. Tope lilikauka ndani yake hadi kwenye dashibodi na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti. Mchana, jua lilipopasha bati, paa lake liligonga, mara moja, kisha kimya, kisha tena, sawasawa na mtu anayegonga akiwa ndani. Mzee Nzioka alikuwa akiinuka alipokuwa na kuhamisha kigoda chake upande mwingine wa nyumba. Hatukuwahi kulizungumzia.

Miaka miwili baadaye niliamua kuifufua. Maembe yalikuwa yakiozea shambani, na mimi nilijua kuendesha, Mutinda alinifundisha kwenye shamba lililovunwa. Nilitafuta leseni, nikatafuta trekta ya kuivuta hadi barabara kuu, nikaifikisha kwa Muli, fundi mwenye gereji mjini Machakos. Nikalala kwa dada yangu huko Mumbuni hadi ilipokuwa tayari. Muli aliifungua kama anayechinja ng'ombe. Alitoa tope kwenye gia, akaosha tangi, akaweka plagi mpya na nyaya mpya. Nilipopiga stata na ikanguruma, vijana wa gereji walipiga makofi. Mimi niliogopa. Ilikuwa sauti yake ileile, ambayo kwa miaka nilikuwa nikiisikia kutoka mbali nikajua mume wangu anarudi.

Kisha ikaja siku ile iliponizimia kwenye drifti. Nilikaa na miguu yangu juu ya kiti, nikalia, nikanyamaza. Baada ya muda nikajaribu ufunguo, ikawaka kama haikuwa na neno. Nilifikiri ni bahati mbaya. Lakini nilipojaza tangi tena na kutoka nyumbani, ilizima tena palepale, au hatua chache kabla ya pale. Nikazoea. Ikizima, naketi, nangoja, inawaka. Wanawake niliokuwa nikiwabeba kwenda soko la Matuu wakaanza kupata sababu za kutembea kwa miguu.

Mzee Nzioka aliniita. Baba mkwe wa Kikamba hazungumzi ovyo na mke wa mwanawe, kuna heshima tunayoiita nthoni, kwa hiyo alinisemesha akiwa ametazama boma la mbuzi.

"Mama, hiyo gari uza. Ama ichomwe. Huyo kijana hajaenda."

"Nipe muda kidogo, Tata," nikamwambia, kama tunavyomwita baba.

Nikairudisha kwa Muli. Aliitundikia mtungi wa mafuta kando ya injini, kama mafundi wanavyofanya, akaiacha ingurume tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikuzima. Akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi.

"Hapa kwangu haiugui," alisema. "Na mimi siwezi kutibu ugonjwa sijauona. Wewe ndio uko nayo ikizima. Sasa sikiza. Injini ya petroli inataka moto na inataka mafuta. Ikizima usilie, usiombe. Kwanza uliza ni gani imekosekana. Toa waya wa plagi uone kama inapiga cheche. Kama iko, toa ule mpira wa kabureta uone kama mafuta inafika. Kama haifiki, rudi nyuma nayo, polepole, mpaka ufike kwa tangi."

Alinionyesha kila kitu, akanifanya nikirudie kwa mikono yangu mwenyewe, akanipa spana mbili na bisibisi.

Nilipofika nyumbani nilijaza tangi, nikashuka tena mtoni. Ilinizimia ikiwa imebakiza hatua chache kupanda ng'ambo. Kavutha alikuwa hapo na mbuzi wake. Tangu mazishi tulikuwa tukisalimiana tu. Nilimwita kwa sababu sikuwa na mwingine.

"Nisaidie. Kaa hapo ndani, nikikwambia, zungusha huu ufunguo."

Aliutazama ule mlango. "Hapo ndani?"

"Hapo ndani."

Alipanda akiwa ameshika sketi yake kama anayevuka maji. Nilifungua boneti, nikatoa waya wa plagi, nikausogeza karibu na chuma kama nilivyofundishwa, nikamwambia azungushe. Cheche ilipiga, ya buluu, nzuri. Basi moto ulikuwapo. Nilipokuwa nikilegeza ule mpira wa kabureta Kavutha aliniuliza, pengine kwa kuogopa kimya tu:

"Kwani Mbinya, hii kitu ikizima hivi, siku zingine huwa unafanya nini?"

"Huwa naingoja ipumzike. Ikikaa kidogo inawaka yenyewe."

"Unaingojea ukiwa wapi?"

"Ndani. Nakaa tu hapo ulipo."

Nilikuwa nimeinamia injini, sikumwona uso, lakini mikono yangu iliacha kufanya kazi. Sijui ni nani kati yetu aliyeelewa kwanza. Nilipoinua kichwa alikuwa ametoa mikono yake kwenye usukani na kuiweka mdomoni. Kisha akainua mmoja, polepole, kiganja kikitazama ng'ambo, kama alivyouona ukiinuliwa siku ile.

"Ngoja kidogo," alisema. "Mbinya, alikuwa ananiambia ngoja kidogo, inawaka."

Nilikaa kwenye saruji, mgongo kwenye gurudumu. Kavutha alishuka akakaa kando yangu, na mbuzi wakatuzunguka. Ndiyo maana alifungua boneti na kuifunga. Ndiyo maana alirudi ndani. Gari lilikuwa limeanza kumzimia kabla ya siku ile na hakuniambia, kama ambavyo hakuwa akiniambia lolote mwaka huo, na alikuwa amejifunza dawa yake kama nilivyojifunza mimi. Kaa. Iache ipumzike. Itawaka. Aliusikia mto ukinguruma na akapima, na kipimo chake kikapungua kidogo tu.

Tungeweza kuondoka hapo na jibu hilo moja. Laiti tungeondoka. Lakini mpira ulikuwa umeshalegea mkononi mwangu, nikamwambia Kavutha apande, azungushe tena, na hakuna petroli iliyotoka. Nikarudi nyuma nayo, polepole, kama alivyosema Muli. Tangi lilikuwa limejaa. Nikashika kifuniko chake, nikakizungusha, na tangi likavuta pumzi. Ndivyo ninavyoweza kulieleza. Pumzi ndefu, ya kuingia ndani, ya mtu aliyetolewa chini ya maji. Kavutha alikuwa tayari ameruka chini na kukimbia hadi ukingoni.

Nilimwita akarudi. Alipozungusha ufunguo petroli ilimiminika.

Tangi linapotoa mafuta linataka hewa iingie badala yake. Kuna tundu dogo kwenye kifuniko kwa ajili hiyo. Likizibwa, pampu huvuta na kuvuta mpaka ikashindwa, injini ikafa. Ukiketi kidogo, hewa inajipenyeza polepole, nayo inafufuka. Tangi likijaa hewa iliyomo ni kidogo, ndiyo maana ilizima karibu na nyumbani, na kwa Muli haikuzima kwa kuwa ilikunywa kwenye mtungi. Nilikigeuza kifuniko. Ndani yake, likiziba tundu sawasawa, lilikuwa limebanwa duara la mpira wa tyubu, limekatwa vizuri, kingo laini kama za sarafu. Mafuriko hayakuling'oa, na Muli alipoosha tangi alikipangusa tu kifuniko na kukirudisha.

Nililijua. Mwaka ule ule, kabla ya mvua, tangi lilikuwa likitema petroli gari likipanda mlima, na maembe yakawa yananuka. Mzee Nzioka alikaa kivulini asubuhi nzima na kisu chake kikali na tyubu ya baiskeli. Alilipima, akalikata, akalitupa, akakata jingine. Alipomaliza alilibana kwenye kifuniko akamwita mwanawe aje aone. "Haitatema tena," alimwambia. Na kweli haikutema tena. Mutinda alicheka. Kwa mwezi ule, sikumbuki kicheko kingine.

"Ni nini hiyo?" Kavutha aliuliza.

"Takataka," nikamwambia, nikalitia kwenye mfuko wa sweta.

Siku ile ile nilimwambia Mzee Nzioka kwamba mwanawe hakuwa amejiua, alikuwa anangoja gari liwake. Nilimweleza mara mbili. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akitazama boma, na mara ya pili midomo yake ilikuwa ikiyarudia maneno yangu bila sauti. Kavutha alikwenda kwa katekista mwenyewe, akasimama mbele ya watu kama alivyosimama siku ya mazishi, akauinua ule mkono na kueleza ulikuwa na maana gani. Padre alikuja kubariki kaburi. Kwaya iliimba. Lile duara la mpira nililitupa kwenye shimo la choo, na jioni hiyo sikula.

Jumapili iliyofuata Mzee Nzioka alitoka amevaa koti lake na kusema anakwenda kanisani. Nilimfungulia mlango wa mbele kwa adabu tu, nikijua hataketi bega kwa bega na mke wa mwanawe. Alipanda nyuma, akasimama akishika chuma cha karibu na dirisha dogo.

Tuliposhuka kwenye drifti aligonga paa. Nikasimama. Alishuka, akatembea hadi ukingo wa saruji, akatazama upande maji yanakotoka, kisha upande yanakokwenda. Injini ilikuwa ikinguruma bila kasoro. Akaja kwenye dirisha langu.

"Ulisema ilikuwa inazima juu ya nini?"

"Uchafu, Tata. Kulikuwa na uchafu kwa tangi."

"Ulitoka wapi?"

"Sijui. Ni gari ya zamani."

Alinitazama usoni, muda mrefu kuliko nthoni inavyoruhusu, na mimi nikayahimili macho yake kwa sababu kuyakwepa kungekuwa jibu. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango. Kidole gumba kilikuwa kikisugua mpira wa dirisha, huku na huku.

"Sawa," akasema.

Akapanda nyuma. Nilitia gia, tukapanda ng'ambo. Kwenye kioo nilimwona amesimama wima, ameipa barabara mgongo, akiutazama mto hadi kona ilipouficha.