Futi Shingoni mwa Kocha

Nikutegee, unitegulie: nina ukuta wa watu wanne, hauna tofali wala udongo, ukipiga hatua moja mbele, mwizi ananaswa nyuma yake. Umekwama? Miji sitaki, nakujibu bure. Ni mabeki wa timu ya wanawake wa kiwanda cha kushona sare. Mshambuliaji akijibanza karibu na goli lao, wote wanne wanasogea mbele kwa pamoja kabla mpira haujapigwa, naye anabaki peke yake, ameotea, kibendera juu.

Kocha wao alikuwa mkata vitambaa wa kiwanda hichohicho. Walimwita Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya mechi. Mtego aliubuni yeye, na beki wa kati, mdogo wa mkewe, ndiye aliyeuamuru kwa kuita, "Kata!" Miezi minne hakuna aliyewapita. Kisha mambo yakageuka. Wapinzani wakawa wanawaacha washambuliaji wao watulie, halafu kiungo anachomoka kutoka nyuma sekunde ileile ukuta unaposogea. Futi akabadilisha neno, likawa "Kunja." Wakafungwa. Likawa "Pinda." Wakafungwa tena.

Hapo akashikilia kwamba kuna mtu anavujisha siri. Macho yakamwangukia kipa, mshona vifungo, maana mumewe alifanya kazi kiwanda kingine chenye timu. Akamweka benchi mechi mbili bila kumwambia sababu. Lakini kipa si mtoto. Alimfuata kwenye meza ya kukatia.

"Kocha, unadhani ni mimi?"

Futi akajifanya anatafuta chaki, nayo iko mkononi.

Ikafika mechi ya mwisho. Sare ingewatosha, wakifungwa wanashuka daraja, na Futi alishaahidi kwamba wakishuka atakabidhi filimbi na kuacha ukocha. Kipa wa akiba alikuwa ameteguka kidole mazoezini, hivyo mshona vifungo akarudi golini.

Dakika ya ishirini wapinzani wakaja na mpira. Futi akaona wakati wa mtego umefika, akasimama, na kama kawaida yake mkono ukaivuta futi shingoni na kuizungushia kwenye ngumi. Akatupa jicho upande wa pili. Kocha wa wapinzani, mama mmoja mwenye kofia ya sufu, hakuwa na habari na uwanja. Alikuwa anamtazama yeye. Akapiga kofi moja. Kiungo akachomoka. Goli.

Futi akakaa chini kama gunia.

Wakati wa mapumziko akamwita beki wa kati pembeni. "Shemeji, nikiivuta futi, msisogee. Rudini nyuma. Mtego upigeni nikiwa nimekaa."

"Kukaa tu? Hiyo utaiweza, shemeji. Dada analalamika kila siku kwamba ukikaa huinuki."

Kipindi cha pili akaivuta futi, kofi likalia, kiungo akakimbia na kuwakuta mabeki wamemtangulia, wanamsubiri kama mgeni aliyechelewa. Mara tatu hivyo. Mara ya nne yule mama akashtuka, akaacha kupiga kofi. Basi Futi akaivua futi, akamvika kipa wa akiba, akaikalia mikono yake miwili. Sasa mama wa watu akabaki anatazama shingo tupu.

Dakika ya themanini shemeji akapanda kwenye kona, akaupiga mpira kwa kichwa, wavuni. Dakika ya mwisho mshona vifungo akaruka, akalipangua shuti kwa ncha za vidole. Filimbi ikalia, bao moja kwa moja. Hawashuki. Futi akapumua mpaka mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wengine walipokuwa wakikumbatiana, alimfuata kipa aliyekaa chini ya mwamba wa goli, anavua glovu.

"Lile swali lako la mezani," Futi akaanza.

"Lipi?" Kipa alilijua vizuri, ila alitaka amtese kidogo.

"Nilidhani ni wewe, dada yangu, na nilikukosea. Aliyekuwa anawaambia ni mimi mwenyewe, na ile futi yangu."