Mteja wa Kwanza

"Mteja wetu, mafundi watakuja. Wewe nenda tu nyumbani," alisema Bashiru kutoka nyuma ya dirisha la ofisi ya maji, bila kuinua uso.

Mwaija alibaki palepale. Kule Buswelu bomba la mtaa lilikuwa limepasuka chini ya ukuta wa chumba cha mama yake, mtu mzima asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Maji yalikuwa yanakula msingi. Jana ufa wa ukuta ulipitisha kidole. Leo unapitisha ngumi. Na hao mafundi wa kuja walikuwa wakija tangu wiki iliyopita, kwa maneno.

Kilichomuudhi zaidi ni ule utamu wa sauti. Mteja wetu! Mwaija anauza vitenge sokoni, Nyamagana, na pale sokoni mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi. Awe msumbufu, ataje bei ya kuchekesha, utamuuzia tu, maana akiondoka mikono mitupu umejiharibia siku. Na kitenge kikichuja atakuja kukutupia mezani, kisha ahamie kwa jirani. Yeye angehamia wapi? Bomba ni moja, dirisha ni moja.

"Kaka, leo kuna aliyenitangulia hapa?" aliuliza.

"Hakuna. Umefika wewe kwanza."

"Basi mimi ndiye niliyekufungulia siku. Siondoki mikono mitupu, na wa pili humhudumii."

Akatandika kanga sakafuni mbele ya dirisha, akaketi. Bashiru akamweleza kwa upole kwamba anazuia kazi. Upole ulipokwisha akatishia kumwitia mlinzi. Mwaija alikuwa anaogopa, tena sana, lakini aliuogopa zaidi ule ukuta.

Watu walipoanza kupanga foleni, Bashiru akamwashiria aliyefuata apite pembeni. Alikuwa mzee Ndalahwa, muuza dagaa, ambaye soko lilimlea kabla Mwaija hajazaliwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwaija kutoka chini.

"Marahaba, binti yangu." Mzee akamgeukia Bashiru. "Sipiti. Mimi ni wa pili."

Nyuma yake mama mmoja akasema basi yeye ni wa tatu, akaweka kikapu chini. Hakuna aliyesogea.

Bashiru aliwatazama, akashusha pumzi, akainua simu ya mezani. Kama alikuwa anamwita mlinzi au mafundi, Mwaija hakujua, na hakuuliza. Alijisogeza kwenye kanga, mzee akapata pa kukaa.