Pembe za Majok

Wiki ile ya uhuru, Juba nzima ilikuwa haikaliki. Watu walifagia barabara ambazo hazijawahi kuonana na ufagio, kwaya zilikesha zikijifunza wimbo mpya wa taifa, na rangi nyekundu, kijani na buluu zikakwisha sokoni kwa sababu kila mwenye duka alitaka bendera ukutani. Vita vya ndugu kwa ndugu vilivyokuja baadaye, nani alikuwa na nafasi ya kuviwaza siku zile? Basi kwa kuwa rangi za bendera zilikwisha, Mzee Bol, mwenye nyumba, alipomletea mpangaji wake Achai rangi, alileta makopo ya nyeusi na nyeupe tu.

"Paka ukuta wa mbele," alimwambia. "Wageni wa serikali watapita njia hii. Kesho dalali analeta hawaja wake, mgeni mwenye dola, tuandikiane mkataba wa nyumba. Ukimaliza kupaka, fungeni mizigo. Malesh, samahani, binti yangu."

Haya! Yaani upambe nyumba ndipo ufukuzwe vizuri! Achai alikuwa Mdinka aliyekulia Limuru, Kenya, akarudi na brashi zake na moyo uliojaa nchi mpya. Ua ule wa kando ya Nile ndio pekee uliokuwa umewabakia wasanii. Wachonga vinyago wa jirani walishahamia Nesitu, mbali na mji, waimbaji wakasukumwa hadi Gurei, maana kila chumba kilichokaribia mto sasa kilikodishwa kwa dola, na msanii dola huiona mfukoni mwa mwenzake. Hapo Achai alichorea barazani, na Namukasa, Mganda mpiga ngoma aliyekaa naye chumba kimoja, alifundisha kundi lake uani. Wakitoka hapo, kazi zao zimekwenda na maji.

Namukasa alimkuta ameketi juu ya kopo la rangi, kashika tama.

"Wewe nalia nini?" alimkemea. "Huyu muzee ni Mudinka, ama si Mudinka? Chora yeye ng'ombe. Dume kubwa kabisa! Mudinka naweza fukuza mutu, lakini ng'ombe hapana fukuza."

Achai aliruka kama aliyekalia moto. "Manze, Namukasa, uko na akili! Nyeusi na nyeupe ziko, si ndiyo?"

Alifanya kazi alasiri nzima, akalala na rangi kwenye nywele, akaamka na jogoo kuendelea. Jua lilipopanda, dume alikuwa amesimama ukutani mkubwa kuliko lori, mabaka meusi juu ya ngozi nyeupe, macho makali, kwato zimekita chini. Achai alirudi nyuma kumtazama na furaha ikamjaa hadi kooni. Ng'ombe kama yule, alijiambia, angemlainisha hata mwenye moyo wa jiwe.

Wapita njia walisimama. Mama mmoja muuza chai, Amou, akaweka birika chini na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Loo! Pembe zake ziko wapi? Nani amezila?"

"Huyu ni wa maziwa ya pakiti!" akadakia mwanajeshi mmoja. "Huyu ametoka Nairobi na pasipoti!"

Mtaa mzima ukapasuka kicheko. Achai alitazama ukuta tena na uso ukamwaka moto. Kweli bwana. Alikuwa amechora ng'ombe aliyemjua, dume la gredi la Limuru, la mbegu ya kizungu, tumbo pana, na vijipembe viwili vifupi vilivyolingana kama vidole gumba. Mtoto wa Wadinka, na hajui pembe!

"Na ni wa nani?" Amou akamuuliza.

"Ni wa... wa kila mtu, mama."

Ebo! Hapo ndipo walipocheka hasa. Ng'ombe wa kila mtu? Kijana wa Kidinka hupewa dume lake, akaitwa kwa rangi ya dume huyo, akamchonga pembe zingali changa ili zikue zikipinda anavyotaka yeye, moja mbele, nyingine nyuma. Akimwimbia, huinua mikono juu aipinde vilevile, na watu wakamjua ng'ombe wake bila kumwona. Basi kila aliyekuwa pale akataka kumfundisha Achai. Mwanajeshi aliinua mikono. Bwana mmoja wa wizarani, suti na tai, akaweka mkoba wake kwenye vumbi akainua ya kwake. "Hivi, binti! Wa kwangu alikuwa hivi!" Kila mmoja na pembe zake, kila mmoja na wimbo wake, na Namukasa alipoona mambo yameiva akatoa ngoma nje akaanza kuipiga. Barabara ikafungika.

Katikati ya zogo hilo gari jeupe likaja likasimama. Mzee Bol alishuka, na Jude, dalali mwenye shati lililopigwa pasi na mkataba mkononi, akashuka nyuma yake. Hawaja alibaki ndani na vioo vimefungwa. Achai aliomba ardhi ipasuke immeze.

Mzee Bol alipita katikati ya watu mpaka ukutani. Kicheko kikafa.

"Nani amemkata pembe Majok?" aliuliza.

Kwa Wadinka, Majok ndilo jina la dume yeyote mweusi kwa mweupe. Kuomba msamaha ndiko kulikompasa Achai, lakini mchoraji aliyekuwa ndani yake alitangulia kusema. "Mzee, zilikuwaje? Nionyeshe."

Mzee Bol akainua mikono yake, taratibu, wa kushoto akaupinda mbele juu ya paji la uso, wa kulia akaupeleka nyuma, na akaanza kuimba kwa sauti nzito iliyokwaruza. Namukasa akaufuata wimbo kwa ngoma. Achai alikuwa ameshapanda ngazi, brashi inakimbia.

"Usishushe mkono, mzee!" alipiga kelele. Watu wakashtuka. Kumwamuru mzee! Lakini mzee hakuushusha.

Jude akapenya. "Mzee, mgeni anangoja. Tia saini tu, niende."

"Huoni mikono yangu ina kazi?"

Dalali, maskini, alijinyoosha ili amtilie kalamu kati ya vidole kule juu. Amou akampiga mkono. "Wewe! Kalamu kwenye pembe ya dume?" Gari likapiga honi. Jude akapandisha sauti: "Mzee, huyu ana nyumba nyingine ya kuangalia!"

"Kalas, yaishe, akaiangalie!"

Jude alisimama akitweta, akatazama gari, akatazama ile mikono, akaondoka akinung'unika. Gari lilijirudisha nyuma kwa shida kati ya watu wanaoruka, likaenda zake. Achai aliliona kutoka ngazini, lakini hakuthubutu kuamini. Leo amekwenda, kesho si atakuja mwingine? Alimaliza pembe ya kulia akashuka.

Mzee Bol alishusha mikono akigumia, akajisugua mabega. Alimkagua dume kutoka kwato hadi ncha ya pembe.

"Majok wangu mimi nilimwacha kambini kwa ng'ombe nikaenda vitani," alisema mzee. "Nilikuwa kijana. Niliwaambia wamtunze mpaka nirudi. Ng'ombe asiye na mwenyewe karibu, binti yangu, huchinjwa siku ya kwanza wageni wakija."

Aliuweka mkono ukutani, rangi mbichi ikamshika kiganjani.

"Huyu ni wa nani?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Achai alimtazama Namukasa, akautazama ukuta. "Ni wangu, mzee," alisema.

"Basi kaa naye hapahapa."

Namukasa alipiga kigelegele kilichovuka mto. Amou akamimina chai bure kwa kila mtu, na mtaa ukarudi kwenye ngoma. Achai aliingia ndani mbio kufungua mizigo, lakini mikono ikiteleza kwa rangi, kamba ya godoro ikamshinda, akaifungua kwa meno.