Salfa Iliyokwenda Masasi

Salfa ya Silvano, dawa ya kupulizia mikorosho, ilikwenda Masasi, na mfumo wa kuagizia pembejeo kwa kompyuta ulisema aliyeagiza iende huko ni Silvano mwenyewe. Mikorosho yake iko Chilangala. Masasi hana hata mche.

Maombi aliyajaza kwenye kompyuta ya Mahmudu, mwenye kibanda cha intaneti Newala mjini, mtani wake, kwa kuwa koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu. Akamwendea nyongo imemjaa.

"Salfa yangu kaigusa nani?"

"Mimi," Mahmudu akajibu bila kupepesa. "Nimeiuza, nikala pilau. Ukoo wenu mikorosho mmeijulia wapi? Hata ubwabwa wa msiba mnaunguza!"

Siku nyingine Silvano angemrudishia tusi zito zaidi, wakacheka hadi washike mbavu. Siku hiyo aliyapima maneno yale kama mnunuzi anayeshuku unyevu kwenye korosho. Mwizi hujificha ndani ya kicheko, aliwaza. Nani mwingine angeingia kwa jina langu? Akawapitia wakulima wenzake nyumba kwa nyumba: Mahmudu amekiri kwa kinywa chake. Kibanda kikakosa watu.

Aliyefumbua fumbo ni Yasinta, afisa anayesimamia mfumo.

"Baba Careen," akamuuliza Silvano, "ulipomaliza ulibonyeza 'Toka'?"

"Nilitoka. Niliinuka nikaenda zangu."

"Ulitoka kibandani. Kwenye mfumo ulibaki. Ukishaingia, mfumo unakukumbuka ili usiulizwe jina kila ukurasa. Mwalimu Agatha akakaa baada yako, akachagua ghala la Masasi, ambako ndiko kuna shamba lake, akidhani anajaza ya kwake. Mfumo ukadhani bado ni wewe."

Silvano akakosa pa kuyaweka macho. Alikwenda kibandani kuomba radhi. Mahmudu akampa kiti, akasema yamekwisha. Hakumtukana, na hilo Silvano hakulipenda.

Korosho zilipoanza kudondoka, mama yake Silvano alifariki. Siku ya maziko Silvano alisimama mlangoni, akimngoja mtu wa kulizuia jeneza lisitoke, kama watani wafanyavyo msibani, wa kudai bibi huyu kafa na deni lake la togwa. Mahmudu alifika na kanzu iliyopigwa pasi. Akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Bwana Silvano."

Akaenda kuketi na wageni.

Salfa ilirudi yote, haukupungua hata mfuko. Alipungua mtani mmoja, na msibani hakuwepo wa kumwigiza mama alivyokuwa akitembea.