Kwaya Iliyokuwa na Mwanamke Ndani

Baba yangu alimsaga mama. Nasema hivyo mbele ya yeyote, na ndugu zake wakikasirika, shauri yao.

Zamani Isiolo tulikuwa na kiwanda cha santuri, upande wa Kiwanjani, pale palipo sasa na stoo ya nyasi za mifugo. Kilitoa nyimbo za Waborana, za Waturkana, hata kwaya za Wameru. Siku moja mama yangu, Sahro, aliingia humo akaimba nyimbo za kubembeleza watoto. Santuri zikatoka, watu wakazipenda. Baba, Ahmednur, akaona haya: sauti ya mkewe inachezwa hotelini, wanaume wanakunywa chai! Baba huyohuyo ambaye akiimba bafuni mtaa mzima ulijua anaoga. Akazinunua zote, akazirudisha kiwandani zisagwe. Mwaka huohuo malaria ikamchukua mama. Mimi nilikuwa bado nanyonya, na neno hooyo, mama, sijawahi kumwita mtu. Maisha yangu yote nimetaka jambo moja tu, kusikia sauti yake.

Mwezi uliopita nilimkuta mzee Etabo akiota jua nje ya ile stoo. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine ya kusaga.

"Hatukuwa tunatupa kitu, Fahmo," aliniambia. "Tunatoa ile karatasi ya katikati, tunasaga plastiki, tunayeyusha, tunapiga santuri ingine. Ya mama yako iliingia kwa kwaya ya wanaume ya kina Kaberia. Lakini maduka walirudisha."

"Kwa nini?"

"Watu walisema kuna mwanamke ndani."

Nilicheka. Halafu nikaketi chini kwenye vumbi.

Kaberia, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ile, hakuniuliza maswali. Alitoa santuri moja uvunguni mwa kitanda, imefungwa kwa shuka. "Hii sisi hatuchezi," akasema. "Enda nayo, na tafadhali usinirudishie."

Nyumbani, baada ya swala ya alasiri, niliiweka kwenye gramafoni ya Baba, kando ya kitanda chake. Tangu apooze hajainua mkono hata kufukuza nzi. Sikumwomba ruhusa. Yeye aliniomba?

Kwaya ikaimba, ikamaliza. Sindano ikaingia kwenye ile sehemu tupu ya mwisho, ikawa inakwaruza tu. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Ndipo mwanamke akaanza kuimba, chini kabisa, kwa Kisomali, taratibu, kama yuko chumba cha pili na mlango umerudishwa. Niliogopa, lakini furaha ilizidi woga.

Mtoto akalia mle ndani. Uimbaji ukakatika.

"Nyamaza, Fahmo," sauti ikasema. "Hooyo yuko hapa."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba na mimi nilisagwa.

Kitanda kikalia. Mkono wa Baba ulikuwa umeinuka, vidole vinaitafuta sindano. Hata sasa alitaka kumnyamazisha. Niliukamata ule mkono, nikaukandamiza kwenye godoro kwa nguvu zangu zote, huku machozi yakinidondoka juu yake.

"Aabo," nikamwambia Baba, "leo mwache amalize."