Tapeti ya Silinda ya Sita

"Hilo si gari la mwanangu," mama alisema, akalishika geti kwa mikono miwili kama vile nimekuja kuling'oa. "Rudi ulikotoka, baba. Mwenyewe hayupo."

Nikazima injini. Dada alikuwa nyuma yake na sahani ya chakula iliyofunikwa.

"Umelifanya nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimelitengeneza."

"Fundi, nani alikutuma ulitengeneze?"

Gari lilikuwa la kaka, na kaka tulikuwa tumeshamzika. Mama alikuwepo mazikoni, akalia kama sisi, halafu kichwa chake kikaliachia lile jambo taratibu. Kilichobaki ni mlio wa gari lake. Jioni kaka alikuwa akirudi kutoka kazini, mama anausikia tangu kwenye kona, anafungua geti, ndipo anakula. Sasa alikuwa anasimama pale mpaka giza, hataki hata uji. Dada alinipigia simu: "Amebaki mifupa. Lilete gari tu, alisikie."

Nami na diploma yangu nikaona aibu kulipeleka gari la marehemu likiwa bovu.

Injini ile ni ya zamani: silinda sita zimejipanga mstari mmoja kama watu kwenye foleni ya maji, kabureta mbili, na ikiwa nzima unaweza kuweka kikombe cha chai juu yake na kisimwagike. Ubaya wake uko nyuma. Maji ya kupozea yanaingilia mbele. Yakifika silinda ya sita yameshachoka, ya moto kama ya kuogea mgonjwa. Basi gasketi inaungulia huko, vali inaharibikia huko. Ya kaka ilikuwa na magonjwa yote, na juu yake tapeti ya sita, kile kidude kinachosukuma vali, imelegea, inagonga ta-ta-ta-ta mtaa mzima unajua nani anakuja. Nilimsema sana.

"Wewe tibu magari ya watu," alikuwa akinijibu. "Langu linajisemea."

Nilibadilisha gasketi, nikasaga vali, nikapima tapeti moja moja kwa kibati chembamba mpaka injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikatabasamu peke yangu gereji. Kumbe nilikuwa namziba kaka mdomo.

Basi pale getini nikarudisha gari nyuma hadi kwenye kona, nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha juu injini ikiwa inaunguruma, oili ya moto inanirukia mikononi. Tapeti ikiachwa imelegea inajitafuna, inaitafuna na kamshafti inayoisukuma, na siku moja injini inakufa. Mwanafunzi wangu angefanya vile ningemfukuza. Nikaishika nati ya silinda ya sita, nikailegeza kidogo. Bado. Kidogo tena. Ikapita, nikaikaza. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natafuta sauti ya mtu kwa spana.

Nikaipata. Sikuthubutu kuangalia kiti cha dereva.

Mpaka leo wakiniletea injini inayogonga kule nyuma, namwambia mwenzangu aifungue yeye, mimi naenda kunywa maji.

Nilipofika, geti lilikuwa wazi. Mama amesimama katikati ya njia, uso umewaka.

"Umechelewa leo," akasema, akanishika mkono, akaniingiza ndani kwake.

Alikula. Dada akageukia ukuta. Mama alikuwa anatafuna taratibu, ananiangalia kwa furaha ambayo haikuwa yangu, mara akasimamisha mkono hewani.

"Na mdogo wako? Yule mchekeshaji. Mbona haji kuniona?"

Nilitafuta utani. Mimi sikosagi utani.

"Kazi nyingi, mama."

"Mwambie namuulizia. Usisahau."

"Nitamwambia," nikasema, nikamsogezea sahani.