Kamba ya Watu wa Tura

Haya, sogeeni, mnijibu: wote wana miguu; mmoja akisimama, walio nyuma yake wanasimama, walio mbele hawana habari. Ni nini? Na msikimbilie siafu. Siafu humpanda mwenzake, safari ikaendelea.

Kitendawili hicho Bi Maua alimtegea binti yake Swaumu siku yeye mama anahamia kijiji cha ujamaa, kule Tura. Swaumu akashindwa. Akampa mji, akampa Ujiji, akampa na Bagamoyo. Bi Maua akaikataa miji yote. "Jibu nitalingoja," akasema dirishani, treni ikamchukua.

Swaumu alikuwa karani mjini Tabora, mwaka ule vijiji vilipojaa wageni. Yeye na mkubwa wake, Bwana Darwesh, walijumlisha watu wa kila kijiji, kisha kata, kisha wilaya, ijulikane visima vichimbwe wapi. Hesabu ilikuwa iondoke kwa treni ya jioni. Adhuhuri simu ikalia kutoka stesheni ya Tura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumeletewa watu wengine, nanyi hamkuwahesabu. Tunywe nini, umande?"

Bwana Darwesh aliposikia akashika kichwa. "Tuanze yote upya? Mashine hii ya kujumlisha ina mpini, haina mbawa! Tura wangoje mwakani."

Akaenda kuswali. Swaumu akalaza shavu mezani, joto likambembeleza. Ukuta ukafunguka kama pazia. Wakapita wapagazi wa zamani, karatasi vichwani mahali pa pembe za ndovu, vumbi lao likinukia asali. Mmoja wa katikati akatua mzigo achomoe mwiba. Walio nyuma yake wakasimama. Walio mbele wakaenda zao wakiimba, hata shingo hawakugeuza.

Akaamka anacheka peke yake. Akafunga kamba toka dirisha hadi dirisha, akazianika karatasi za hesabu kwa vibanio vya nguo, kila moja nyuma ya zile zilizoizaa. Chini ya kila moja akaandika imetokana na zipi na imejumlishwa vipi, hata mgeni akiingia kesho aifuate kazi bila kuuliza.

Bwana Darwesh akarudi, akagota mlangoni. "Ala! Leo tunafua?"

"Tunasafiri, bwana. Tura ikisimama, zinasimama hizi tu zilizo nyuma yake: kata yake, kisha wilaya. Kijiji cha Igalula na wenzake..."

"...wameshatangulia," akamalizia mzee, taratibu, macho yakitembea kambani kama anayetazama mbali. Akakunja mikono ya shati, akashika mpini mwenyewe. "Nisomee Tura, binti. Pole pole, nisije nikamwacha mtu njiani."

Mashine ikalia krr, krr, kama miguu kwenye changarawe. Jua lilipolegea, treni ikaondoka na hesabu, Tura ikiwa ndani na watu wake wote.

Swaumu akainua simu. Bi Maua hakuwa ametoka stesheni.

"Mama, mmo."

Kuku wa mtu akalalamika kwa mbali.

"Na kile changu?" Bi Maua akauliza.

"Msafara, mama."